Florisa Hakugeuka

Namba ya sita kwenye orodha iliita kwenye aproni ya muuza makoti.

Ilikuwa Jumamosi saa tisa alasiri, soko la mitumba la Baguio limefurika, na Florisa alikuwa amesimama katikati ya njia akisukumwa huku na huku, koti la zambarau begani ambalo alikuwa bado hajaamua kulinunua. Alikuwa na miaka ishirini na saba, nywele amezibana kwa kalamu, na hasira zake hazikuwa mbali. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia wanafunzi wa chuo wanasaikolojia wa mjini, maana chuo chao chenye wanafunzi elfu nane kilikuwa na washauri wawili tu, na mmoja alikuwa likizo ya uzazi. Alikabidhiwa orodha ya zamani yenye majina arobaini. Tangu asubuhi amepiga tano: mbili hazipatikani, mmoja kahamia Manila, mmoja kafariki, na mmoja hapokei watu wapya mpaka mwakani.

Hii ya sita ilikuwa inaita hatua mbili mbele yake. Kijana aliyekuwa akitundika makoti akatoa simu mfukoni.

"Haloo, mimi si daktari," alisema kabla hajaulizwa. "Nauza makoti. Lakini kama unataka kulia, lia kwanza, nakusikiliza."

Florisa alikata simu, akamgusa bega. "Nani kakwambia nataka kulia?"

Kijana akageuka, akaitazama simu yake, akamtazama na yeye. "Kumbe ni wewe!"

"Laini hiyo umeipata wapi?"

"Nimeinunua kihalali, dada, usiniitie polisi. Tangu Januari wanafunzi wananipigia. Daktari, silali. Daktari, nimefeli, nitamwambia nini baba. Sasa ningefanyaje, niwakatie?"

"Unawaambia nini?"

"Nawaambia mimi si daktari. Halafu nanyamaza. Wengi wanaendelea tu kuongea."

Florisa alimwangalia vizuri. Fulana ya kijani iliyopauka, vishimo mashavuni, mikono imejaa vumbi la sufu. 

"Halafu hilo koti litakubana mabega," kijana akaongeza.

"Nimekuuliza?"

"Hujaniuliza. Nimeona tu umepoa, nikasema nikuchokoze kidogo."

Florisa alilinunua kwa kiburi. Lilimbana kweli, na alilivaa hivyohivyo miezi mitatu.

Kijana aliitwa Elpidio, na mapenzi yao yalikua kwenye ngazi za watu. Kila Jumamosi walizunguka mjini kukagua milango ya wanasaikolojia waliobaki kwenye orodha, na Elpidio aliujua mji ule kama mfuko wa suruali yake.

"Huyu yuko juu ya duka la mikate," alisema. "Mwanafunzi akionekana anaingia, watu watadhani amefuata mkate. Mweke."

"Na huyu?"

"Huyu amepakana na kanisa. Wale akina mama wamekaa mlangoni kutwa, wanahesabu nani kaingia. Mfute."

Wakafuta, wakaongeza. Mwisho orodha ilibaki na majina kumi na saba, yote hai. Jioni wakipigiana simu, utani haukuisha.

"Umeuza leo?" Florisa aliuliza.

"Nimeuza makoti matatu na moyo mmoja."

"Moyo nao ni mtumba?"

"Mtumba gredi A, mpenzi. Haujavaliwa sana."

Jambo moja tu Elpidio alilielewa nusunusu. Ofisini kwa Florisa, mwanafunzi aliyepita mlango ule hatajwi. Ukikutana naye mjini humsalimii mpaka aanze yeye. Na ukiwa umeongozana naye, husimami kumsalimia mtu mwingine hata awe nani, kwa sababu atauliza huyu uliye naye ni nani. Elpidio alicheka alipoambiwa. Aliuliza kama hiyo ni kazi au ni ujasusi.

Ikafika Jumapili ambayo Mama Consuelo, mama yake Elpidio, alimwalika Florisa kwa chakula cha mchana. Kuku alichemka na nyama ya chumvi tangu alfajiri, tambi ndefu zikaandaliwa, na shangazi wawili wakaitwa waje kumtazama huyo msichana. Florisa alivaa gauni la bluu lililopigwa pasi mara mbili. Alikuwa anafunga viatu simu ilipoita.

"Dada, niko kwenye kona ya barabara ya daktari," sauti ilisema. "Siwezi kuzifikia zile ngazi. Miguu haitaki."

Alikuwa Perlita, msichana wa mwaka wa pili. Florisa alikuwa amemtafutia daktari kwa wiki tano, na nafasi pekee iliyopatikana ilikuwa leo saa sita na nusu. Akiikosa, mpaka mwezi ujao, na Florisa hakuwa na hakika kwamba mtoto huyu angeufikia mwezi ujao. Isitoshe, Perlita alikuwa mdogo wake Elpidio. Florisa na Perlita waligundua siku msichana alipoiona picha ya kaka yake kwenye simu ya Florisa, akapauka midomo. "Ukimwambia kaka au mama," alisema, "mimi hapa sirudi." Leo nyumbani ameaga kwamba ana kazi ya kikundi chuoni.

Florisa alimtumia Elpidio ujumbe, nitachelewa, dharura ya kazi, akatoka mbio kwenye mvua.

Walikuwa wamebakiza mlango mmoja kufika. Perlita alikuwa ndani ya koti kubwa la kiume, kofia imeshuka mpaka puani, Florisa amemshika kiunoni chini ya mwavuli. Ng'ambo ya barabara alisimama Elpidio, shati jeupe limelowa, mkononi mfuko wa barafu aliotumwa kununua.

"Florisa!"

Perlita alizamisha kucha kwenye mkono wa Florisa. Florisa alimtazama mpenzi wake machoni, akampita kwa macho, akaingia. Mara ya pili alipoitwa hakugeuka. Ghorofa ya tatu ya jengo lile alikuwepo daktari. Ghorofa ya pili ilikuwa nyumba ya wageni, na bango lake ndilo lililoonekana kutoka barabarani.

Simu ilikuja saa kumi na moja jioni.

"Yule ni nani?" Safari hii Elpidio hakumwita mpenzi wala malkia.

"Siwezi kukwambia."

"Ni mwanaume?"

"Hata hilo siwezi."

"Florisa, mama yangu amelia mbele ya shangazi zangu. Nipe neno moja tu nishike."

"Ningekuwa nalo ningekupa. Jibu si langu, Elpidio. Ukiniacha kwa hilo, niache."

Akamwacha. Florisa alilia siku mbili, ya tatu akaosha uso akarudi kupiga namba. Sokoni wakamsema, mpaka muuza mboga wake akamwuliza kama bado anapanga vyumba vya Jumapili. Alimjibu kwamba anapanga, tena ana nafasi moja ya muuza mboga mwenye mdomo.

Perlita alikuja ofisini ameshika kichwa. "Dada, nitasema. Mimi ndiye nimekuharibia."

"Usiseme kwa ajili yangu," Florisa alimjibu, ingawa moyo ulimwuma kutamka. "Siku ukitaka kusema, useme kwa ajili yako. Nenda darasani."

Wiki ya tatu, Jumatatu asubuhi, mlango wa ofisi ulisukumwa bila hodi. Mama Consuelo aliingia na mwavuli wake kama anakuja kupiga mtu, nyuma yake Elpidio, ndevu hazijanyolewa. Florisa alisimama. Akauchukua mkono wa mama yule akaugusisha kwenye paji la uso wake, kama heshima inavyotaka.

"Ni wewe unayempeleka Perlita wangu kwa daktari wa vichaa?"

"Mama, siwezi kukwambia kama namjua mtu wa jina hilo au simjui."

"Ametuambia mwenyewe jana!" alisema Elpidio. "Ndiye uliyekuwa naye chini ya mwavuli. Florisa, sasa unaweza kusema."

"Siwezi. Mmeniweka midomoni mwa watu wiki tatu nikanyamaza, mnadhani leo ndiyo nitaanza? Hata mje na picha yake."

Perlita aliingia akihema, amewafuata mbio kutoka kituo cha basi. "Dada, nakuruhusu. Sema."

Florisa alifungua droo, akatoa fomu. "Andika jina. Tia saini hapo chini."

Perlita akaandika huku akicheka. Florisa akaisoma yote, akaiweka faili.

"Haya," alisema. "Namjua. Na si kichaa, mama. Amepanda ngazi zile mara nne. Ya kwanza nilimshika. Hizo tatu nyingine amepanda peke yake."

"Kwetu hatuna mambo hayo," Mama Consuelo alisema, sauti imepungua. "Tungemwombea."

"Niombee, mama," Perlita alisema. "Na kwa daktari niende. Sitaacha."

Elpidio alisogea karibu na meza. "Siku ile ungenikonyeza tu."

"Ungeuliza kwa nini nimekukonyeza."

"Ningeuliza," Elpidio alikiri. "Nisamehe. Nilikuuliza swali ukaninyima jibu, nikaona umenidharau. Nikuulize jingine?"

"Uliza."

"Utakubali nikuoe?"

"Hapa ofisini?" alishtuka mama yake.

"Hilo jibu ni langu," Florisa alisema, na machozi yakamtoka bila kuyaficha. "Nakubali. Ila uje kwetu na mama yako, kwa heshima zote, na kuku mwingine badala ya yule niliyemkosa. Na ukinikuta njiani na mtu, nitakupita tena."

"Nipite tu. Nitakaa pembeni."

Perlita akapiga vigelegele. Mama Consuelo hakupiga. Alikuwa ameketi kwenye kiti wanachokalia wanafunzi, akiuzungusha mwavuli mikononi.

"Huyo daktari," alisema polepole, akitazama sakafu, "anapokea na watu wazima? Tangu baba yao afe, mimi silali."

Florisa alifuta uso. "Perlita, Elpidio. Nje."

"Mimi mchumba wako!"

"Nje."

Aliwasukuma wote wawili, akafunga mlango, akavuta kiti karibu na mama mkwe wake.

"Haya, mama," alisema. "Hakuna anayesikia."