Saa ya Bibi Verna

"Saa haisemi uongo, Bibi! Hatua mia tatu na kumi tu. Ulikuwa umekaa unakunywa kahawa!"

"Nimezunguka mara nne, Britta. Liulize goti langu."

Wazee waliokuwa wakitembea ndani ya jumba la maduka walipunguza mwendo ili wasikie. Wakati wa baridi, nje barafu inateleza, kwa hiyo kila Jumamosi huja kutembea humo kabla maduka hayajafunguliwa. Bibi Verna ana baridi yabisi, na daktari alimwambia magoti yasiyotembezwa hukakamaa. Ndiyo maana alinunuliwa saa ya kuhesabu hatua. Britta, mwenye miaka kumi na miwili, huandika hatua za kila mmoja kwenye chati ukutani.

Britta alishika kalamu, akalikata jina la Bibi. "Waongo hawaandikwi."

"Lo, Verna!" Mzee Orville akacheka. "Umefukuzwa na mjukuu wako!"

Bibi hakucheka. Aliivua saa, akaketi. "Basi. Sitembei tena."

Mama alikuwa amesimama karibu, amesikia yote. Aliitazama chati.

"Ulimwona amekaa?"

"Hapana, Mama, lakini saa..."

"Ivae. Sukuma toroli ya Bibi mpaka duka la viatu, urudi. Hesabu kwa sauti."

Bibi huegemea toroli ili magoti yasimuume. Britta aliishika kwa mikono miwili, akaenda, akarudi. "Mia mbili na sita," alisema, kisha akaitazama saa. Mia tatu ishirini na moja! Ilikuwa imeongeza hatua kumi na moja tu.

Mikono yake ilikuwa imetulia kwenye toroli, na saa hiyo huhesabu mkono unapochezacheza. Alitamani sakafu immeze.

"Saa haina akili ya kuuliza," Mama alisema. "Wewe unayo. Kabla ya kumwita mtu mwongo, uliza na uhakikishe."

Britta hakusubiri kuambiwa la kufanya. Alipiga magoti mbele ya wazee wote, akamfunga Bibi saa kwenye kifundo cha mguu, juu ya soksi.

"Nisamehe, Bibi. Mwongo nilikuwa mimi."

Akaliandika jina upya, kwa herufi kubwa kuliko mengine yote.

Bibi alijiinua taratibu, akashika toroli. "Njoo utembee nami. Orville ameshanipita."

Wakaondoka pamoja, Britta akihesabu kwa sauti.