Tawi la Mdiria

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho, shemeji. Pumba zangu za kuku ziko wapi?"

"Na mimi nakujibu kwa mara ya mwisho. Kuku wako ni walafi."

"Gunia zima? Kuku watatu wamalize gunia zima usiku mmoja? Hao si kuku tena, hao ni ng'ombe!"

Shemeji aliangalia pembeni. Alikuwa amesimama mlangoni pa banda, mikono ameificha nyuma kama mtoto aliyeiba sukari. Mwanamke alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, na alipofika miguuni akaona alichokuwa anakitafuta. Pumba zilikuwa zimeganda kwenye viatu vya shemeji, zimechanganyika na tope jeusi. Tope jeusi namna ile lilipatikana mahali pamoja tu, ukingoni mwa bwawa.

"Umezipeleka bwawani."

"Punguza sauti, shemeji."

"Sipunguzi! Kule bwawani umempa nani pumba zangu? Vyura?"

"Ndege," alisema shemeji. "Leo anakuja Bi Darubini kuhesabu ndege. Mgeni akija unafagia uwanja, sivyo? Basi na mimi nimefagia bwawa."

Mwanamke alishika kiuno.

Mtaa mzima ulimwita Mama Mikeka, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kufuma mikeka. Alikata mafunjo bwawani, akayakausha, akayachemsha kwenye rangi, akafuma. Nyumba yake ilikuwa juu kidogo ya bwawa. Zamani watu walikata mafunjo kila upande, mpaka bwawa likabaki kama kichwa kilichonyolewa vibaya. Ndipo mume wake aliposimama mkutanoni. Aliwaomba majirani waiache nusu ya bwawa ipumzike. Upande huo pasikatwe mafunjo wala pasilimwe bustani, ili viumbe warudi. Wengine walimcheka. Wengine walikubali wakinung'unika. Tangu hapo, kila mwaka, alikaa na Bi Darubini juu ya jiwe moja ukingoni, wakahesabu ndege.

Sasa alikuwa marehemu. Aliugua, hakukaa sana, akaenda.

"Wiki ijayo kuna mkutano," alisema shemeji. Alikuwa mdogo wake marehemu, na sura zao zilifanana mno, jambo ambalo siku nyingine lilimuumiza Mama Mikeka. "Watu watauliza, tumeiacha nusu ya bwawa miaka yote hii, tumepata nini? Nani atawajibu? Wakisikia ndege ni wachache, watasema kaka yangu alitufungia bwawa bure. Wataingia na majembe. Na watacheka, shemeji. Watamcheka mtu aliye kaburini."

Sauti yake ilikatika hapo. Mama Mikeka aliinama, akachukua ufagio.

"Vua viatu hivyo nivisafishe," alisema polepole. "Yule mama ana macho."

Kisha alirudi kwenye kazi yake. Aliinua sufuria ya rangi nyekundu ya jana, akaimwaga mtaroni, kama alivyozoea siku hizi. Akabandika sufuria nyingine jikoni. Maji mekundu yalishuka taratibu kuelekea bondeni.

*

"Hodi hapa!"

"Karibu, Bi Darubini. Karibu ndani."

Bi Darubini alikuwa mwanamke mfupi mwenye kofia pana. Kazi yake ilikuwa kupima hali ya mabwawa na misitu kwa kutazama ndege. Darubini ilikuwa shingoni mwake kila siku, na watoto wa mtaa walisema anaoga nayo.

"Poleni sana," alisema. "Niko na nyinyi kwenye msiba huu."

"Tumeshapoa, dada."

"Leo sina wa kukaa naye kwenye jiwe. Utanisindikiza?"

Mama Mikeka hakuwa amefika kwenye jiwe lile tangu mazishi. Alitaka kusema ana kazi. Lakini shemeji alimkazia macho, naye akafunga kanga kiunoni, akatangulia.

Kabla hawajafika walisikia makelele. Ukingo wa bwawa ulikuwa umefunikwa na ndege. Kunguru walikuwa wanasukumana. Shomoro walirukaruka katikati ya miguu ya kunguru. Njiwa walitembea kwa maringo kama wenye shamba.

"Ona!" shemeji alipiga kelele. "Ndege kama mvua! Andika, Bi Darubini, andika kabla hawajaruka!"

Bi Darubini hakuinua darubini. Aliinama, akaokota kitu chini, akakisugua kwa vidole.

"Hapa nani anafuga kuku?"

Shemeji alitazama mawingu. "Labda ni upepo," alisema.

"Upepo uliobeba gunia?"

Mama Mikeka alitaka ardhi ipasuke immeze. Lakini Bi Darubini hakugomba. Alikaa juu ya jiwe, akaacha nafasi kando yake. Mama Mikeka akakaa pale, mahali pa mume wake.

"Shemeji, nikuulize," alisema Bi Darubini. "Nikija kwako nikakuta watu wamejaa uani wanakula, nitasema hii nyumba ina familia kubwa?"

"Hapana. Utasema kuna shughuli."

"Ndivyo ilivyo. Kunguru, shomoro na njiwa hukaa popote penye makombo. Hawa hawaniambii habari za bwawa. Wananiambia habari za gunia lako."

"Lakini si ni ndege wengi?"

"Wengi, ndiyo. Aina ngapi?"

Shemeji alihesabu kwa macho. "Tatu."

"Basi umeona. Mimi sihesabu vichwa tu. Natazama na aina zao."

Shemeji alikuna kichwa. "Sasa mbona mnahangaika na ndege? Si mhesabu samaki, tujue moja?"

"Samaki yuko chini ya maji. Mdudu amejificha majanini. Nikitaka kumhesabu kila kiumbe, nitazeekea hapa. Ndege anaonekana, na asipoonekana anasikika. Tena kila aina ina haja yake. Kuku-ziwa anataka mafunjo mazito ajifiche na atage humo. Kitwitwi anataka tope lenye wadudu. Mdiria anataka samaki wadogo na maji maangavu. Yeye hukaa juu ya tawi, akamwona samaki, ndipo anajitosa. Maji yakichafuka haoni kitu, anahama. Kwa hiyo nikiwakuta wote hawa, najua mafunjo yapo, wadudu wapo, samaki wapo, maji ni mazuri. Huo wingi wa aina za viumbe mahali pamoja unaitwa bioanuwai. Ndege wananisaidia kuupima."

"Na ukija siku ambayo wamekwenda matembezini?"

Bi Darubini alicheka kidogo. "Ndiyo maana siamini siku moja. Tunakaa jiwe lile lile, asubuhi, msimu ule ule, kwa muda ule ule. Hatumlishi ndege, hatumwiti. Halafu tunalinganisha mwaka huu na miaka iliyopita. Hapo tunajua kama kulinda bwawa kunasaidia au tunajidanganya. Marehemu alikuwa hapigi hata mluzi hapa." Alizitazama pumba zile. "Hesabu ya leo imeharibika. Zoa pumba hizi zote. Nitarudi kabla ya mkutano, tuhesabu upya. Lakini kwa sasa tukae tusikilize."

Shemeji alizoa pumba kwa koleo, kichwa chini. Kunguru walimtukana kwa lugha yao, wakaondoka. Shomoro na njiwa wakawafuata. Bwawa likatulia.

Kutoka ndani ya mafunjo, upande uliopumzishwa, ilitoka sauti fupi na nzito. *Krruk.* Halafu nyingine ikaijibu.

Mama Mikeka alishika kifua. Aliijua sauti ile. Mume wake aliiga mlio huo wakati wa chakula, mashavu ameyajaza hewa, watoto wakacheka mpaka wakapaliwa.

"Kuku-ziwa," alinong'ona.

"Ndiye. Kabla ya kufunga upande huu hakuwapo hata mmoja. Sasa anazaa humo. Hiyo ni kazi ya mume wako, usimruhusu mtu akwambie ilikuwa bure."

Mama Mikeka alifuta macho kwa pindo la kanga. Walikaa. Mbele yao, juu ya maji, palikuwa na tawi kavu lililoinama. Bi Darubini alilitazama kwa darubini, akaishusha, akalitazama tena. Tawi lilikuwa tupu. Lilibaki tupu mpaka jua likapanda.

"Mwaka jana mdiria walikuwa wawili pale," alisema.

"Najua," alisema Mama Mikeka. "Marehemu aliporudi nyumbani siku ile, alinitikisa nikiwa na uzi mdomoni. 'Wamerudi! Wamerudi!' Nilidhani ni jamaa zake kutoka safarini. Nilikasirika, nikamwambia sina chakula cha wageni."

Walicheka wote wawili, kisha kicheko kikaisha vibaya.

Bi Darubini alishuka mpaka mahali ambapo mtaro uliingia bwawani. Alichota maji kwa kiganja. Yalikuwa na wekundu. Mawe ya mdomoni mwa mtaro yalikuwa yamegeuka rangi, na kitope kilichokaa pale kilikuwa hakina hata mdudu mmoja.

"Kuna kitu kinaingia," alisema. "Rangi ikizidi, mwanga haufiki chini, na dawa zilizomo zinaua wadudu na samaki wachanga. Mafunjo yanavumilia, ndiyo maana kuku-ziwa bado yupo. Mdiria hawezi." Akaanza kupanda, akiufuata mtaro, nyumba kwa nyumba.

Shemeji alimsogelea Mama Mikeka. "Nyamaza," alinong'ona. "Mtaro unapita kwa watu wengi. Hawezi kujua ni nani."

Mama Mikeka alimtazama mwanamke yule mfupi akipanda, kofia ikiyumba. Ni kweli, hangejua. Angeuliza nyumba hii na ile, angechoka, angeondoka. Na tawi lingebaki tupu mwakani, na mwaka unaofuata.

"Bi Darubini!" aliita. "Rudi. Usichoshe miguu. Hiyo rangi ni yangu."

Bi Darubini alirudi, akasimama mbele yake.

"Mume wangu alinichimbia shimo," alisema Mama Mikeka. "Kule uani. La kumwagia maji ya rangi. Lilikuwa na mchanga juu, mkaa chini yake, kokoto chini kabisa. Siku ya msiba wakalifukia, ili turubai lisimame na watu wapate pa kukaa. Na pale juu yake ndipo walipoweka jeneza." Aliitazama nyumba yake kule juu. "Baada ya hapo nilishindwa kupachimba. Jembe nililishika, mkono ukakataa. Nikasema nitamwaga mtaroni leo tu. Leo tu ikawa kila siku."

Shemeji aligeuka, akatazama maji.

"Pole, mdogo wangu," alisema Bi Darubini. "Sasa sikiliza. Ndege wamekwambia mapema, kabla bwawa halijafa. Shimo lifukuliwe pale pale, maana ni mbali na kisima. Halimalizi sumu yote, kwa hiyo na wewe punguza. Usimwage rangi ikiwa bado na nguvu. Chemshia mafunjo mengine ndani yake, ya rangi hafifu, mpaka iishe. Unachomwaga kiwe kidogo."

"Na mdiria watarudi?"

"Sitakudanganya. Sijui. Maji yakikaa safi, samaki wakiongezeka, wanaweza. Tutakaa kwenye jiwe, tutaona."

"Na mkutanoni?" aliuliza shemeji. "Tuseme nini?"

"Yote. Kuku-ziwa amekuja kwa sababu upande huu ulilindwa. Mdiria ameondoka kwa sababu ya rangi. Ukisema nusu, watafungua bwawa wakidhani limepona, au wataliacha wakidhani limeshindikana."

"Watatucheka."

"Wanicheke mimi," alisema Mama Mikeka. "Mimi niko hai. Ninaweza kuwajibu."

Alipanda kwenda nyumbani bila kungoja mtu. Alifika jikoni, akaipua sufuria iliyokuwa inachemka, akaifunika. Alilitoa jembe nyuma ya mlango. Uani, vishimo vya nguzo za turubai vilikuwa bado vinaonekana. Alisimama katikati yake. Mkono ulitaka kukataa tena, kama siku ile.

Akapiga jembe.

Alilia akichimba, wala hakuacha kuchimba. Shemeji alikuja na koleo, akaanza kutoa udongo upande wake. Walishuka mpaka jembe likagonga kitu kilicholia kwa sauti kavu. Mama Mikeka alipiga magoti, akafukua kwa mikono. Ulikuwa mkaa, vipande vikubwa, vimepangwa kwa uangalifu kimoja kando ya kingine, kama alivyopenda kupanga kila kitu mtu yule.

"Usiuguse," alimwambia shemeji. "Umekaa sawa."

Wakamwaga mchanga mpya juu, isipokuwa pembe moja ndogo ambayo Mama Mikeka aliiacha wazi kwanza, autazame mkaa. Halafu hiyo nayo akaifunika. Siku ile alichemsha mafunjo mara mbili katika maji yale yale, mpaka wekundu ukafifia. Kisha alibeba sufuria mwenyewe, akamwaga shimoni. Maji yalisimama kidogo, yakazama.

Mtaroni hapakupita tone.