Betri Zilizoanikwa na Kahawa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Digna aligeuza kahawa kwenye kichanja. Alipitisha vidole polepole, punje zikinong'ona, huku akitazama juu kuona kama Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imeamka. Siku nyingi mlima ulijifunika mawingu, lakini Digna aliuona tu. Bibi yake, Theodora, ilibidi amwite mara mbili tatu ndipo asikie.

"Huyu mtoto miguu iko hapa kijijini Kilema, kichwa kiko barafuni," Bibi alisema akicheka.

Baba yake Digna, Onesphory, alikuwa mpagazi wa watalii. Miaka yote alibeba mizigo, na sasa alikuwa amepewa safari moja ya kujaribiwa awe msaidizi wa kiongozi. Angetembea nyuma ya wageni wakati wa kupanda kileleni, akiwamulikia wanaochoka. Mgeni mmoja alikuwa amemwachia tochi nzuri yenye betri mbili za lithiamu, zile za kuchaji. Baba akamkabidhi Digna.

"Naondoka Jumatatu, nizikute zimejaa. Tochi ikizimika kule juu, ndiyo basi tena. Nitabaki na mizigo."

Ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme, na umeme ulirudi ulipotaka wenyewe. Ijumaa, Digna alipotoka shule, alisubiri mpaka akachoka. Ndipo akakumbuka alivyofanya Bibi betri za redio zilipoisha nguvu: alizianika pamoja na kahawa, na redio ikaimba tena. Digna akazipanga za tochi juu ya nailoni nyeusi ya kufunikia kahawa, kwenye jua kali. Kisha akajilaza chini ya migomba, akaota nyota ndogo inapanda Kibo taratibu. Nyota hiyo ilikuwa Baba.

Alipoamka, betri zilimuunguza vidole. Ganda la plastiki la moja lilikuwa limejikunja, na kwenye ncha yake palikuwa na unyevu wenye harufu tamu kama rangi ya kucha. Akazitia kwenye tochi. Ikawaka! Digna akashusha pumzi. Nani angejua?

Lakini jioni, alipotazama mlima, ile nyota ya ndoto yake ilipanda, ikafika penye mawe, ikazimika. Digna aliogopa kweli kweli. Akamfuata Baba, aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe kihambani, shambani nyuma ya nyumba.

"Baba, nimeziharibu betri. Nilizianika."

Baba alishusha panga. "Umezianika? Kama kahawa?"

"Kama zile za Bibi."

Baba aliuma mdomo, na Digna hakujua kama ni hasira au kicheko. "Kazitoe kwenye tochi sasa hivi, uziweke nje, mbali na nyumba. Kesho tunashuka Moshi."

Fundi Beatha alikuwa na kibanda cha vifaa vya umeme karibu na soko. Digna alimwamkia, kisha akamweleza yote bila kuficha. Fundi aliichukua ile betri iliyojikunja kwa kitambaa, akaitia kwenye kopo la mchanga.

"Shukuruni haikuwaka moto," alisema. "Hizi si kama za redio, mwanangu. Joto linaziua." Akaweka betri mbili mpya mezani. "Haya, chagua."

Digna alionyesha yenye namba kubwa zaidi ya nguvu. Beatha akacheka. "Namba mtu yeyote anaweza kuichapa. Zishike kwanza."

Ile ya namba kubwa ilikuwa nyepesi kama ganda la yai. Digna akairudisha, akashika nyingine iliyokuwa nzito mkononi.

"Sasa umechagua," alisema Beatha. "Nunueni mbili za aina hiyo, zote mpya. Mzichaji kwa chaja yake, juu ya saruji, si kitandani, na mtu awe karibu. Taa ikiwa ya kijani, mzitoe. Na wewe Onesphory, baridi ya kule huzilegeza. Kabla ya kuwasha tochi, uziweke ndani ya koti, kifuani."

Jenereta ya fundi ilinguruma kutwa, betri zikichajiwa pale pale. Digna alikaa sakafuni akiitazama taa nyekundu ya chaja, na safari hii hakusinzia mpaka ikageuka kijani.

Baba aliporudi kutoka mlimani, midomo yake ilikuwa imepasuka kwa baridi, na bado alitabasamu. Walipokuwa wakila kiburu cha ndizi na maharage, alisimulia jinsi tochi ya kiongozi ilivyozimika penye mawe, yake ikawamulikia wote hadi kulipokucha. Safari ijayo hatabeba mizigo.

"Digna," alisema, "kuzianika ulifanya kwa kutojua. Kitu kipya tukiulizie kwanza, tusikitendee kwa mazoea. Hilo limekwisha. Lakini siku ile ungenyamaza, ningepanda na betri zile zile, na mimi na wale watu tungebaki gizani. Usiache kuniambia ukweli, hata ukiogopa."

Digna alikuwa ameshageukia dirisha. Mawingu yalikuwa yameifunika Kibo yote, lakini aliiona nyota yake ikipanda, ikapita penye mawe, ikaendelea kuwaka.