Fundi Aliyetupa Tabia Zake

Msonyo ulikuwa wake, lakini hakuutoa yeye.

Fundi viatu alikuwa peke yake kibandani, kiatu cha mteja mapajani, gundi ikimkaukia vidoleni, aliposikia msonyo mrefu ukitoka nyuma ya rundo la soli. Mtaa mzima uliujua msonyo ule. Watu walimwita Mbishi, na wala hawakumsingizia: alikuwa radhi kubishana hata na mvua. Akikaa, atavunja vidole mpaka vilie ko, ko, ko. Ukimsemesha, hufiki mwisho, kwani alikatiza watu hata salamu.

"Nani huyo?" aliuliza.

Harufu tu ya ngozi inayoungua, na hapakuwa na moto.

Hapo akakumbuka alichokifanya. Siku chache nyuma mkewe alimwambia wazi, "Mume wangu, nimechoka. Uache hizo tabia zako, au nimchukue mtoto niende kwetu." Mbishi alimpenda mkewe, jamani, tena sana. Jioni ile alikwenda kumwaga vipande vya ngozi kwenye shimo la taka nyuma ya kibanda, mahali ambapo hata wazoa taka hawasimami jua likizama, akapiga kelele kwa uchungu, "Nimezichoka tabia hizi! Anayezitaka azichukue!"

"Nazitaka," sauti ikajibu kutoka shimoni, kwa adabu kabisa.

Yeye akadhani ni mpita njia mwenye utani wake. Akacheka, akaenda zake nyumbani.

Tangu hapo hakusonya tena. Mwanzoni aliona raha. Mteja alimfokea weee mpaka akachoka, naye akamsikiliza mpaka mwisho na kumwomba radhi. Nyumbani alikula kimya, mkewe akimkodolea macho.

"Unaumwa?"

"Siumwi, mke wangu. Endelea, nakusikiliza."

Mkewe akavuta kiti nyuma kidogo.

Sasa, fundi akiwa bado analitazama lile rundo la soli, mlangoni akatokea kinyozi wa jirani, rafiki yake wa miaka na miaka. Akachungulia ndani.

"Samahani kaka, Mbishi amekuachia wewe kibanda?"

"Mbishi si mimi huyu?" Fundi alitaka kufoka, lakini maneno yalitoka laini, kama ya mtu anayebembeleza mtoto.

Kinyozi akacheka kwa wasiwasi, akarudi hatua moja. "Acha utani, bwana. Umefanana naye, lakini Mbishi nimempita sasa hivi pale kona, anabishana na muuza mkaa. Wewe ni nani?"

Fundi hakungoja. Akatupa kiatu, akakimbia, akaipita kona ambako muuza mkaa alikuwa bado anatikisa kichwa kwa hasira, akaingia kichochoro cha kwao na ile harufu ya ngozi inayoungua ikizidi kumkaba kooni kila alivyokaribia, na kabla hajafika dirishani akaisikia sauti yake mwenyewe ndani ya nyumba yake, ikisonya, ikidakia maneno, na vidole vikilia ko, ko, ko, na binti yake akicheka, akachungulia, akamwona mtu amekaa kwenye kiti chake, kavaa shati lake na viatu vyake, cha kulia mguu wa kushoto, cha kushoto mguu wa kulia, na wala havimbani.

Akaingia. Mkewe akapiga ukelele. Lo! Waume wawili, sura moja.

Jirani mmoja aliyesikia ukelele alikimbia kumwita mganga. Akaja bibi mmoja mnene, chetezo mkononi, akawatazama wote wawili kwa zamu, akanong'ona, "Mmoja wenu si mtu."

"Ni mimi, bibi," fundi alisema. "Mke wangu ana kovu gotini. Binti yetu alizaliwa alfajiri, miguu mbele, na mama yake akanibana mkono mpaka ukafa ganzi."

"Jini hujua yote hayo," mganga alimjibu.

"Basi samahani, mtazameni viatu..."

"Viatu!" yule wa kitini akarukia. "Mimi fundi, unifundishe viatu? Nitavivaa hata kichwani nikitaka!" Akasonya. Binti akamkimbilia, akamkumbatia mguu.

Mganga akamsogelea mke. "Mama, sema nao. Sema chochote, uwaangalie."

Mke akaanza kusimulia. "Siku ile tuliyohamia hapa, mvua ilipo..."

"Mvua gani! Manyunyu yale! Tena wewe ndiye uliyesahau godoro nje!"

"Sikusahau mimi, nilikuwa nime..."

"Ulisahau!"

Fundi alikaa kwenye kigoda, mikono magotini, akimngoja mkewe amalize. Alitaka kulisikia kila neno lake. Hakuwahi kumsikiliza hivyo maishani, na alimtazama kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo kifuani.

Mkewe akageuka, akayaona macho yale. Machozi yakamtoka.

"Ni huyu," alinong'ona, akimnyooshea fundi kidole. "Mume wangu hajawahi kuniacha nimalize kusema. Hata siku moja. Mtoe, bibi. Ananitisha."

Mganga akapuliza makaa. Moshi ukamwelekea fundi, ukamchoma macho, ukamjaa kifuani, na nyuma ya moshi akamwona binti yake akificha uso kwenye suruali ya yule mwingine asimtazame, na fundi akataka kung'ang'ania nguzo ya mlango, akataka kupiga kelele kwamba sitoki, hapa ni kwangu, huyu ni mke wangu, yule ni mwanangu, akalitafuta ndani yake neno moja tu la ubishi, moja tu, akapekua huku na huku, akakuta hamna kitu.

Akasimama. Akakirudisha kigoda ukutani.

"Samahani kwa usumbufu," alisema, akatoka, akaufunga mlango taratibu, asije akamshtua mtoto.