Bei ya Friwili

Mchana ule lifti ya jengo la maduka ilikuwa imekwama tena, na watu walijazana chini na mizigo yao, wakimlaumu kila aliyepita amevaa sare. Katikati ya msongamano alisimama fundi mapazia, mwanamke wa shingo ndefu, gauni la zambarau limemkaa vizuri kiunoni, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni kama mkufu. Begani alikuwa na jora la kitambaa kizito, na duka lake lilikuwa ghorofa ya nne.

Fundi wa lifti aliingia juu ya baiskeli ya gurudumu moja. Haikuwa na usukani wala mnyororo. Gurudumu, pedali mbili na kiti, basi. Alipenya kati ya watu ameketi wima, akashuka, akaiegemeza ukutani na kufungua begi lake la vifaa.

"Gurudumu la pili umeibiwa?" fundi mapazia akamuuliza.

"Nimeitwa kutengeneza lifti moja," akajibu huku akitafuta bisibisi. "Nikaona gurudumu moja litatosha."

Waliokuwa karibu walicheka. Mwanamke hakucheka, ila alibaki akiitazama mikono ya yule fundi, mipana, yenye madoa ya grisi na kucha zilizokatwa vizuri. Lifti ilipopona, fundi ndiye aliyelibeba lile jora mpaka dukani, akidai kanuni za kazi zinamtaka aijaribu lifti ikiwa na uzito. Kanuni hiyo hakuna aliyewahi kuisikia. Wiki iliyofuata lifti ilikuwa nzima, naye akaja kuikagua tena.

Mapenzi yao yalianzia hapo, kwa chai ya dukani na simu za jioni. Fundi wa lifti alimwita Bibi Mapazia, akabadilisha ikawa mpenzi, na siku za kubembeleza ikawa laazizi. Mwanamke alimwita Bwana Gurudumu, na alipokasirika alimwita fundi, neno tupu, likamchoma kuliko tusi.

Kukasirika kwake kulikuwa na sababu. Kazi yenyewe ilimfundisha kutoamini. Wateja walimletea vipimo vya madirisha walivyopima kwa kamba na viganja; alivipokea kwa adabu, akaviweka kando, kisha akaenda kupima mwenyewe. Halafu kulikuwa na mwanamume aliyetangulia, aliyemchumbia kwa mbwembwe zote, na baadaye ikajulikana kuwa katika mji mwingine ana mke na watoto. Tangu hapo alisikiliza maneno ya mwanamume kama mtu anayegonga ukuta kutafuta palipo wazi ndani.

Kwa fundi wa lifti aligonga muda mrefu, na kila mahali palikuwa pagumu. Akaanza kulegea. Wakaiona nyumba ya kupanga iliyokuwa na sebule ya madirisha mapana, mwanga wa kutosha cherehani zake mbili, na ukuta mrefu wa kuegemeza baiskeli. Walikubaliana kila mmoja aweke nusu ya kodi ya kuanzia. Nusu ya mwanamke ilikuwa tayari. Ya fundi ilikuwa "karibu."

Ndipo mwanamke akaliona bomba nene la chuma katikati ya gurudumu la baiskeli ya fundi, linang'aa kama sufuria mpya. Alilisukuma gurudumu kwa kidole. Likazunguka likilia tikitikitiki, na pedali zikatulia mahali pake. Zamani pedali zilizunguka kila gurudumu lilipozunguka.

Fundi alimweleza kwa furaha kwamba hiyo ni habu yenye friwili. Baiskeli ya kawaida ukiteremka unaacha kupiga pedali nayo inakwenda yenyewe. Ya gurudumu moja haikupi nafuu hiyo. Mteremko wowote, miguu inachapa kazi kama sindano ya cherehani mpaka ufike chini. Yeye aliishi kileleni mwa barabara yenye mteremko mrefu na magoti yalikuwa yamechoka. Kwa friwili, miguu ingetulia, upepo ungempiga kifuani, angeteremka kama ndege.

"Bei gani?" mwanamke akauliza.

"Bei ya viatu tu. Jamaa mmoja kaniuzia, imetumika." Kisha akauliza haraka kama amekula.

Jambo lililomtia shaka halikuwa bei. Watu wanaosema kweli kuhusu bei hulalamika kidogo, na huyu hakulalamika.

Baada ya hapo shaka ilipata chakula kila wiki. Jumamosi alasiri fundi hakupatikana; simu iliita mpaka ikachoka. Alirudi ameoga, shati limebadilishwa, viwiko vina mikwaruzo. Alisema ni kazini. Kuhusu nyumba alisema wasubiri kidogo, na alipoulizwa kidogo ni kiasi gani, alimbusu paji la uso. Siku moja simu ya fundi iliita akiwa jikoni, na mwanamke akaona pameandikwa Kocha. Akapokea, na kabla hajasema neno, sauti ya kike, nzito, yenye kuzoea kuamuru, ikasema, "Jana ulijitahidi. Jumamosi usivae ile suruali pana, inatupotezea muda."

Akakata bila kujibu, akairudisha simu mezani.

Dada yake mkubwa, muuguzi asiye na subira, aliposimuliwa hayo jioni alisema alijua tangu mwanzo. Mtu mzima anayetembea na gurudumu moja, alisema, ana kitu anachokikimbia. Alimshauri amfuate. Mwanamke akasema hajafika hapo bado.

Alikaribia kufika siku alipokwenda kupima madirisha ya ofisi moja na kupita mbele ya duka la baiskeli. Ndani ya kabati la kioo aliiona habu kama ile. Akaingia, akauliza bei, na muuzaji alipomtajia alidhani amemsikia vibaya. Ilikuwa zaidi ya ile nusu ya kodi.

Muuzaji, mzee mchangamfu, alidhani anataka kununua, akawa mkweli. Kwa anayesafiri milimani inafaa, alisema, kwa sababu inaokoa magoti. Kwa mjini ni anasa. Tena si rahisi: miguu ikitulia huna tena cha kukushikilia ila mwili wako na breki, na wengi huanguka mpaka wakakata tamaa. Alikuwa ameuza moja tu, kwa fundi mmoja wa lifti.

"Aliomba nimwandikie risiti ya bei ndogo," muuzaji akasema akicheka. "Nikamwambia, hiyo dawa haiponyeshi, nenda kamwambie ukweli."

Mwanamke alitoka dukani akasimama kwenye kivuli cha ukuta, akampigia fundi. Alitaka kumpa nafasi, na moyoni alimwombea aitumie.

"Mpenzi, ile friwili ulisema uliinunua bei gani?"

Kulikuwa na kelele za mtambo upande wa pili. "Si nilikwambia, laazizi? Bei ya viatu."

"Sawa, fundi," akasema, na akakata.

Hakupokea simu zake tena. Alimrudishia ufunguo wa chumba chake kupitia mlinzi wa jengo. Fundi alipokuja dukani alimkuta anamhudumia mteja, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Alipoona hatazamwi, akaondoka. Mwenye nyumba naye alichoka kungoja, akaipangisha kwa watu wengine. Fundi mapazia ndiye aliyeitwa kuwashonea wapangaji wapya mapazia. Alipima yale madirisha mapana kimya kimya, akashona mapazia yake vizuri kuliko kazi yoyote ya mwaka ule.

Ila wazo la kusalitiwa halikumkaa sawa. Mwanamume mwenye mwanamke wa pili, aliwaza, humnunulia huyo mwanamke vitu. Huyu kanunua chuma. Basi Jumamosi akafunga duka mapema, akavaa viatu bapa na kitambaa cheusi kichwani, akangoja ng'ambo ya kituo cha kazi cha fundi, huku akijionea aibu. Fundi alitoka amevaa suruali ya kubana, baiskeli begani. Hakuipanda, aliibeba. Hilo nalo lilimshangaza.

Alimfuata mpaka nyuma ya ghala lililofungwa, kwenye eneo la kuegesha magari lisilo na gari hata moja. Kocha alikuwepo: mama mnene wa makamo, mvi zimefungwa kwa lastiki, miwani puani, filimbi kifuani. Fundi alipanda, akapiga pedali, akatuliza miguu. Papo hapo akaanguka kama gunia. Akainuka, akapanda, akaanguka ubavu. Kocha hakumhurumia, alimwambia anatazama chini, na mtu huenda anakotazama.

Fundi mapazia aliyatazama hayo akiwa nyuma ya nguzo. Alikuwa amejiandaa kwa hasira na hakuwa na mahali pa kuiweka. Mwanamume alipoanguka tena na kukaa chini akishika kiwiko, alijikuta ametoka mafichoni.

Kocha alimwona kwanza. "Wewe ndiye wa mapazia," akasema. "Mimi nilimfundisha michezo shuleni. Kila wiki namwambia akwambie." Akaokota chupa yake ya maji, akaenda kukaa kwenye ngazi za ghala, mbali vya kutosha kuonyesha heshima, karibu vya kutosha kusikia.

Fundi hakuinuka. "Umejuaje niko hapa?"

"Nimekufuata. Bei niliipata dukani. Ile siku nilipokupigia, nilikuwa naijua."

Akafumba macho. Alisema aliinunua siku moja baada ya mteremko uliomtesa, akijiambia atairudisha ile pesa ya kodi kwa kazi za ziada kabla hajaulizwa. Kisha akaona hawezi hata kuiendesha.

"Ningekutajia bei ungeniuliza kama inafaa," akasema. "Ningekuonyesha nini? Viwiko? Nimetumia nyumba yetu kununua kitu kinachoniangusha. Niliona aibu."

"Yule wa kwanza alinificha mke," akasema mwanamke. "Wewe umenificha friwili. Nakubali si kitu kimoja. Lakini nilipokuuliza kwenye simu, ulitumia sauti ile ile yake. Hata laazizi uliiweka pale pale alipokuwa akiiweka."

Fundi akasema ataiuza. Muuzaji angeichukua kwa nusu bei.

"Ukiiuza leo tutakuwa tumekosa nyumba na friwili vyote viwili. Panda."

"Nitaanguka."

"Nimeshakuona ukianguka. Panda."

Akapanda, akapiga pedali kuelekea mwisho wa uwanja. Karibu na ukuta aligeuka, akarudi upande wenye mteremko mdogo, macho mbele. Akatuliza miguu. Ile habu ikaanza kulia, tikitikitiki, na fundi akaja akielea, mikono imetanuka, uso umefunguka kama wa mtu aliyesahau kuwa anatazamwa. Alipita urefu wa magari manne au matano hivi. Kisha akaanguka, mbele kabisa ya miguu ya mwanamke.

Mwanamke akachuchumaa, akampangusa vumbi shavuni kwa ncha ya kitambaa. "Haifai bei yake," akasema. "Hata kidogo."

"Najua."

"Lakini ni nzuri."

Simu ya mwanamke ikaita. Ilikuwa dada yake mkubwa, ambaye bila salamu alitaka kujua kama amemfuma na ni mwanamke wa aina gani. Mwanamke akamtazama kocha aliyejifanya anafuta filimbi, akamtazama mwanamume aliyekaa mavumbini, akampa simu.

"Mwambie shemeji yako bei."

Fundi alibaki ameishika simu. Neno shemeji mwanamke hakuwahi kumruhusu alitumie, hata kwa utani, na sasa amelitamka mwenyewe mbele ya shahidi. Akamwangalia kuona kama limemponyoka. Halikumponyoka, alikuwa ametulia, anangoja.

"Shikamoo, shemeji," akasema kwenye simu. Akameza mate, akataja bei, yote, bila kupunguza.

"Kwa gurudumu moja?" dada mkubwa akauliza.

"Moja, shemeji."

"Marahaba," akasema taratibu. "Njooni Jumapili. Na mje kwa miguu."