Gurudumu la Mti Mbichi

Dusabimana alipakia maharage kwenye chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, akakipanda, akateremka kuelekea soko la Ngungu. Mkewe Uwamwezi alifuata kwa miguu. Katikati ya mteremko gurudumu jipya la mbele likapasuka. Dusabimana alirushwa mtaroni, maharage yakamwagika kwenye matope.

Aliinuka na michubuko tu. Uwamwezi alimkimbilia, kisha akapandwa na hasira.

"Papa Shema," alimwita kwa jina la mtoto wao, "siku ingine utaniachia yatima!"

Walimwendea jirani yao Léopold, fundi seremala. Aligeuzageuza kipande cha gurudumu.

"Hii muti uliikata lini?"

"Juzi. Jana njo nilichonga," Dusabimana alijibu kwa majivuno kidogo.

"Sasa unashangaa nini? Uliikata kama muntu anakata muhogo, kipande ya mviringo, moyo ya muti ikabaki katikati. Tena ndani iko maji. Ikikauka inajikaza, njo inapasuka."

"Basi nifanye aje, Papa Léopold?"

"Pasua ubao pembeni ya moyo. Pakaa udongo ku ncha, weka mu kivuli, isikauke mbio. Siku utaigonga na italia vizuri, njo uchonge. Kisha toboa katikati, ingiza chuma ya gololi. Mupira ya tairi njo ya mwisho."

"Na maharage?"

"Mutabeba na mugongo."

Wakabeba kweli, wote wawili. Uwamwezi alifunga mzigo kwa kamba inayopita kwenye paji la uso, akawa anarudi kutoka sokoni shingo imekakamaa. Dusabimana alipasua ubao mpya, akauweka kivulini. Aliugonga mara kwa mara, nao ukaitika kwa sauti nzito ya unyevu. Siku moja huruma ilimzidi, akachukua tezo.

"Nichonge tu. Shingo yako inaniumiza roho."

Uwamwezi akampokonya tezo.

"Shingo itapona. Weye nikikuzika, utapona?"

Dusabimana akaurudisha ubao kivulini.

Mvua zilipokwisha, ubao ulilia vizuri. Dusabimana alichonga, Léopold akatoboa tundu na kuingiza gololi, kisha wakapigilia mpira wa tairi.

Siku ya soko walifika juu ya mteremko uleule.

"Mama Shema, baki hapa. Nijaribu mimi peke yangu kwanza."

Uwamwezi alikaza kitenge chake, akapanda juu ya magunia, akamshika mumewe mabega.

"Twende."

Walipofika chini alikuwa anacheka kwa sauti, na gurudumu lilikuwa zima.