Sanduku Lisilo na Nafasi ya Unga

"Nyati Tatu, bila ushahidi usimguse mwalimu."

"Na Clare akipanda ndege?"

"Ushahidi, Nyati Tatu."

Ndinda aliitumbukiza redio yake ya Motorola mkobani. Ushahidi! Miezi miwili, jasusi mzima, alikuwa amekaa kwenye benchi za kanisa hapa Makongeni akifundishwa Kihispania na yule shetani Tobias. Kihispania gani? Vitenzi vya kuamuru tu. *Lleva*, beba. *Entrega*, kabidhi. *Calla*, nyamaza. Wakati uliopita hawakuugusa. Alipouliza watajifunza lini kusema "kwa sababu" na "ingawa", Tobias alicheka.

"Viunganishi vya nini, dada? Kazi ya Madrid haitaki maswali."

Wasichana wawili waliomwamini walikuwa wakiozea jela za ng'ambo. Leo ilikuwa zamu ya Clare, bintiye Mama Apondi.

Peugeot 504 ilinguruma nje. Sebuleni kwa Mama Apondi, maombi ya kumuaga Clare yalikuwa yamekwisha. Tobias alikamata sanduku la Samsonite, jipya, lenye kufuli.

"Twende, tutachelewa."

"Ngoja!" Mama Apondi alitoka jikoni na pakiti mbili za unga. "Mtoto aende Ulaya bila unga? Fungua."

"Limejaa, mama. Ni zawadi za wenyeji wake."

Kina mama wa kanisa walitazamana. Sanduku la safari, na mama mzazi hajalipanga?

Ndinda akaona upenyo. "Ati wenyeji wamshinde mama?"

"Haki ya Mungu, haiwezekani!" Mama Apondi aliwaka. "Leteni nyundo!"

Kufuli ikaruka. Mama Apondi alitupa nguo huku na huku akitafuta nafasi ya unga wake, akang'oa hadi kitambaa cha chini. Chini yake zilipangwa pakiti za heroini, zimefungwa selotepu ya kahawia.

Tobias alichomoka. Mlangoni alikutana na bastola ya Ndinda, Beretta.

"Dada, nisikilize, mimi..."

"*Calla!* Miezi miwili nimekusikiliza, mshenzi wewe!"

Akamfunga pingu, akazikaza mpaka Tobias akalia. Kisha akaichomoa redio.

"Nyati Tatu hapa. Ushahidi uko mezani. Njooni mumchukue."

Clare aliitazama pasipoti mkononi mwake.

"Ningebeba," alisema. "Bila kuuliza."

Ndinda aliokota pakiti ya unga sakafuni, akaipangusa, akamrudishia mama.

"Songa ugali, Mama Apondi. Mtoto hajala."

Kisha akatoka, akimburuta mwalimu kwa kola.